Shujaa Mwenye Mdomo Mchafu na Sinema Iliyokaa Kabatini

Ndugu msomaji, sote tuliokulia mijini tunaijua ile sheria isiyoandikwa ya jumba la sinema: steringi hafi. Apigwe, atumbukizwe mtoni, aangukiwe na ukuta. Mwishowe atainuka, atakung'uta vumbi na kumwadhibu adui. Zaidi ya hayo, steringi wetu alikuwa mtu mwema. Hakutukana, hakupokea rushwa, wala hakumpiga asiye na silaha. Mtoto aliyetoka kuitazama picha yake alirudi nyumbani akiruka mitaro na kuwatetea wanyonge, na mzazi hakuwa na la kulalamikia ila suruali iliyochanika magotini.

Leo napenda tumzungumzie steringi wa namna nyingine kabisa. Huyu naye hafi, lakini hutukana mfululizo, huua kwa malipo, huwacheka mashujaa wenzake, na katikati ya mapigano huweza kugeuka akamsemesha mtazamaji aliyeketi kitini kana kwamba wamekutana kibarazani. Jina lake ni Deadpool. Sinema yake ya kwanza, iliyobeba jina hilo hilo, ilitolewa Marekani tarehe 12 Februari 2016. Iligharimu dola milioni 58, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 780 duniani kote.

Wengi walipoona mapato hayo walisema kwamba kilichouza ni matusi na damu. Mimi nakataa. Ukiifuatilia historia ya jinsi ilivyotengenezwa utaona kwamba sinema hii ilifaulu kwa sababu watu wachache waliijua kazi yao, walingoja kwa miaka mingi, wakaugeuza uhaba wa fedha kuwa ucheshi, na hawakumficha mtu kwamba picha yao ni ya watu wazima. Mambo hayo yanamhusu mfanyakazi, na hilo la mwisho linamhusu mzazi hasa.

MAMLUKI MGONJWA

Deadpool alizaliwa kwenye karatasi. Mchoraji Rob Liefeld na mwandishi Fabian Nicieza walimtoa kwa mara ya kwanza katika toleo la 98 la The New Mutants, kitabu cha hadithi za picha cha kampuni ya Marvel, kilichobeba tarehe ya Februari 1991. Waandishi waliofuata wakamzidishia mzaha, wakampa na tabia ile iliyomtofautisha na mashujaa wote wa kundi lake: anajua kwamba yeye ni mtu wa hadithini, naye hulisema jambo hilo waziwazi.

Jina lake la nyumbani ni Wade Wilson. Alikuwa askari, kisha akawa mamluki. Neno hilo si tamu masikioni mwa Mwafrika. Tunawakumbuka mamluki waliotua Komoro mwaka 1978 wakaipindua serikali, na wale waliojaribu kuiangusha serikali ya Shelisheli mwaka 1981. Kwa hiyo una haki ya kuuliza, mtu wa kazi kama hiyo anapataje kuitwa shujaa? Watunzi wa sinema hawakulikwepa swali hilo. Wade mwenyewe anakana kwamba yeye ni shujaa, na jitu la chuma liitwalo Colossus linamfuatafuata tangu mwanzo hadi mwisho likimsihi awe mtu mwema, bila mafanikio makubwa.

Kiini cha hadithi ni msiba. Wade anampata mchumba, Vanessa, mwanamke ambaye maisha yamempiga kama yalivyompiga yeye. Anamchumbia, na mara tu baada ya kukubaliwa anagunduliwa kuwa na saratani iliyokwisha enea kwenye ini, mapafu na ubongo. Hataki Vanessa amtazame akifa kidogo kidogo, kwa hiyo anatoroka usiku na kwenda kwa watu wanaomwahidi tiba. Huko hapati tabibu. Anapata watesaji. Mwishowe mwili wake unapata uwezo wa kujiponya jeraha lolote, lakini ngozi yake inaharibika kabisa, hata anaona haya kujitokeza mbele ya mwanamke anayempenda. Ndipo anapoanza kumsaka aliyemtenda hivyo.

Sasa hebu ukumbuke watani wetu. Mtani huja msibani, akavaa nguo za marehemu, akauigiza mwendo wake na ubahili wake, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna amwambiaye kwamba hana adabu, maana kila mmoja anajua kwamba mzaha ule unasaidia kuubeba uzito wa siku ile. Mzaha wa Deadpool una asili kama hiyo. Ni mtu anayekufa, kisha ni mtu aliyeharibiwa sura, naye anacheka ili asilie. Ukiyaondoa maradhi na mapenzi kutoka katika hadithi yake, kinachobaki ni mlevi anayepiga kelele barabarani.

MDOMO ULIOSHONWA

Mwigizaji Ryan Reynolds, aliyezaliwa Vancouver, nchini Kanada, mwaka 1976, alimpenda mhusika huyu kwa miaka mingi. Mwaka 2009 alipewa kumwigiza katika sinema ya X-Men Origins: Wolverine. Alianza vizuri, lakini kabla picha haijaisha watengenezaji wakamshona mdomo. Hebu fikiri, ndugu msomaji! Mtu ambaye silaha yake ya kwanza ni ulimi anashonwa mdomo! Ni sawa na kumpandisha manju jukwaani, kisha ukamziba kinywa kwa kitambaa na kuwataka watazamaji washangilie ngoma. Wasomaji wa vitabu vile walikasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki.

Hata hivyo kampuni ya 20th Century Fox, iliyokuwa na haki za kumtumia mhusika huyo katika sinema, haikukata tamaa naye kabisa. Mwaka 2010 waandishi Rhett Reese na Paul Wernick walipewa kazi ya kuandika mswada mpya. Mwaka 2011 akachaguliwa mwongozaji, Tim Miller, mtaalamu wa picha za kompyuta kutoka kampuni ya Blur Studio, ambaye hadi hapo hakuwa amewahi kuongoza sinema kamili. Mwaka 2012 walitengeneza sampuli fupi kwa kompyuta, Reynolds akitoa sauti na mienendo ya mwili, ili kuwaonyesha wakubwa jinsi picha itakavyokuwa. Wakubwa waliitazama, kisha jambo likawekwa kabatini.

Kilichowatia hofu ni nini? Ni herufi moja, R. Huko Marekani sinema yenye alama hiyo haimruhusu aliye chini ya miaka 17 kuingia bila mzazi au mlezi mtu mzima. Sinema nyingi za mashujaa wenye nguvu za ajabu hulenga daraja la chini yake, liitwalo PG-13, lililoanzishwa mwaka 1984, kwa sababu vijana ndio wanaojaza viti. Ni kweli kwamba Blade ya mwaka 1998, aliyoigiza Wesley Snipes, ilikuwa na alama ya R na ilipata faida. Lakini mwenye mtaji hupenda kutazama hasara ya jana kuliko faida ya juzi, na hasara ya karibu ilikuwa ya Reynolds mwenyewe. Mwaka 2011 alikuwa ameigiza shujaa wa kijani katika Green Lantern ya kampuni nyingine, sinema iliyogharimu takriban dola milioni 200 na kuanguka vibaya. Nani angempa tena fedha avae vazi la kubana?

Basi miaka ikapita. Mnamo Julai 2014, ile sampuli ya mwaka 2012 ikavuja katika intaneti. Ilikuwa ya dakika chache tu, lakini watu waliipokea kwa shangwe kubwa na kupashana habari zake kila pembe ya dunia. Kwa mara ya kwanza wenye fedha waliwaona wateja kwa macho yao, tena kabla ya kutumia senti. Mwezi Septemba mwaka huo huo kampuni ikatangaza kwamba sinema itatengenezwa na kutolewa Februari 2016.

UHABA ULIOZAA UCHESHI

Ruhusa ilipatikana, lakini mkoba ulifunguliwa nusu. Kwa kipimo cha sinema za aina hii dola milioni 58 ni kidogo mno. Kampuni hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 2016, ilitoa X-Men: Apocalypse iliyogharimu takriban dola milioni 178. Na kana kwamba hilo halikutosha, karibu na kuanza kazi wakubwa waliamuru zipunguzwe takriban dola milioni 7 zaidi. Waandishi wakakaa chini, wakafuta kurasa kadhaa za mswada wao.

Hapa ndipo ninapokuomba utulie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ufundi ulipoonekana. Katika mswada wa awali pambano la mwisho lilikuwa na silaha nyingi na milipuko ya gharama. Fedha hazikuwepo. Wakafanyaje? Deadpool anakusanya bunduki zake zote ndani ya mfuko mkubwa, anapanda teksi kwenda vitani kwa majigambo, anashuka, na akifika mbele ya adui anakumbuka kwamba mfuko ameusahau ndani ya teksi. Jumba zima huangua kicheko. Mtazamaji hajui kwamba ameonyeshwa pengo la bajeti. Yeye anaona tabia ya mtu mwenye maneno mengi na usahaulifu.

Mahali pengine Deadpool anakwenda kwenye jumba kubwa la mashujaa wenzake na kuwakuta wawili tu. Badala ya kunyamaza, anashangaa kwa sauti kwamba huenda kampuni haikuwa na fedha za kumleta wa tatu. Vivyo hivyo mwanzoni mwa picha, pale ambapo kwa desturi huandikwa majina ya waigizaji na wakubwa, hapakuandikwa majina bali vijembe: kila mmoja anaitwa kwa dharau inayomfaa, na waandishi peke yao ndio wanaotajwa kuwa mashujaa wa kweli. Mara ngapi, ndugu msomaji, umemwona mwenye kalamu akitangulizwa mbele ya mwenye mali?

Jambo hilo halikuwa la mzaha mtupu. Mwaka 2024 Reynolds alieleza kwamba kampuni haikutaka kuwalipa waandishi wawepo mahali pa kupigia picha, kwa hiyo aliwalipa yeye kutoka katika ujira wake mdogo wa kazi ile. Alijua kwamba sinema ya maneno haiwezi kukosa watu wa maneno. Ni kama mwashi anayekatwa saruji na mwenye nyumba, naye akaamua kupunguza posho yake kuliko kujenga ukuta utakaoanguka. Tunaweza kumsifu kwa hilo, na papo hapo tukauliza kwa nini kampuni yenye mabilioni ilihitaji kubebwa na mfuko wa mwajiriwa wake.

Kazi ya kupiga picha ilifanyika Vancouver kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Mei 2015. Mwezi Aprili daraja la barabara liitwalo Georgia Viaduct lilifungwa mchana kwa takriban wiki mbili ili kupiga picha za mapigano barabarani. Hivyo Reynolds alipata kuupigia makelele mji aliozaliwa.

HESABU ZA MAPATO

Katika kuitangaza, waliendeleza utani ule ule. Kwa kuwa sinema ilitoka karibu na Siku ya Wapendanao, walibandika mabango yaliyoifanya ionekane kuwa hadithi tamu ya mapenzi. Reynolds, akiwa ndani ya vazi lake jekundu, alitoa pia filamu fupi ya kuwahimiza wanaume wajichunguze korodani zao mapema ili kuigundua saratani kabla haijakomaa. Ilikuwa na mzaha wa kuona haya, lakini ushauri wake ulikuwa wa kweli, nao uliwafikia wanaume ambao huenda wasingesoma karatasi ya hospitali.

Katika siku tatu za kwanza Marekani na Kanada, sinema iliingiza dola milioni 132.4. Rekodi ya awali ya sinema yenye alama ya R ilikuwa ya The Matrix Reloaded ya mwaka 2003, iliyofungua kwa dola milioni 91.8. Katika nchi hizo mbili peke yake jumla ilifika dola milioni 363. Haya yote yalipatikana bila majumba ya sinema ya China, ambako haikuonyeshwa. X-Men: Apocalypse, ile iliyopewa fedha mara tatu, iliishia takriban dola milioni 544 duniani kote. Aidha, Deadpool iliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya sinema bora ya vichekesho au muziki, na Reynolds akateuliwa kwa uigizaji.

Hakuna sinema ya alama ya R iliyoipita kwa mapato mpaka ilipokuja sehemu yake ya pili mwaka 2018, iliyoizidi kidogo sana, na kisha Joker mwaka 2019, iliyovuka dola bilioni moja. Mwaka huo wa 2019 kampuni ya Disney ilikamilisha kuinunua Fox, pamoja na Deadpool wake. Mwaka 2024 ikatolewa Deadpool & Wolverine, Reynolds akiwa na Hugh Jackman, nayo ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kuipokonya Joker rekodi. Lakini hiyo haikuwa tena sinema ya maskini: gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 200. Mtani amekwisha kuwa tajiri, na ni juu yako kupima kama kicheko chake kingali na ladha ile ile.

Je, wenye mitaji walijifunza nini? Mapema kabisa, Februari 2016, mwongozaji James Gunn aliandika kuonya kwamba makampuni yangelisoma somo kichwa chini miguu juu: yangefikiri watu wanataka matusi, ilhali watu walivutwa na picha iliyotengenezwa kwa mapenzi na kwa ujasiri wa kuwa tofauti. Onyo hilo lilikuwa sahihi. Mwaka 2017 Logan, nayo yenye alama ya R, ilifanikiwa kwa kwenda njia nyingine kabisa, kwani haikuiga mzaha wa Deadpool bali ilieleza kwa huzuni juu ya uzee na kufa. Matusi ni bidhaa rahisi. Kila kijiwe kinayo bure. Kama yangekuwa yanauza yenyewe, kila mtukanaji angekuwa milionea.

MTOTO WAKO NA VAZI JEKUNDU

Sasa nirudi nyumbani kwako. Vazi la Deadpool ni jekundu na jeusi, la kupendeza macho, na mtoto akiliona kwenye fulana au kwenye begi la shule hudhani ni ndugu yake Spider-Man. Huko Marekani kwenyewe, kabla sinema haijatoka, walitokea walioomba itolewe namna isiyo na matusi kwa ajili ya watoto waliompenda mhusika huyu. Watengenezaji hawakukubali wakati ule. Baadaye, Desemba 2018, sehemu ya pili ilikatwa upya na kutolewa katika daraja la PG-13 kwa jina la Once Upon a Deadpool. Lakini picha ya kwanza ilibaki kama ilivyo: damu, uchi na lugha ambayo ukurasa huu hauwezi kuichapisha.

Mimi siwalaumu watengenezaji kwa kukataa. Walisema wazi tangu mlangoni kwamba hii ni ya watu wazima, wakatimiza. Alama ya umri ni ahadi baina ya mtengenezaji na mzazi. Yeye ameandika, wewe una wajibu wa kusoma. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na ipo Bodi ya Filamu yenye jukumu la kukagua na kupanga madaraja. Lakini mkaguzi hawezi kukaa ndani ya kila kibanda umiza, ambamo watoto hukaa mbele kabisa kwenye mkeka, wala ndani ya kila simu. Mkaguzi wa mwisho ni wewe.

Usianze kwa kiboko. Uliza mtoto ametazama nini na wapi. Itazame kwanza wewe, au muulize aliyeitazama, kabla ya kumruhusu kijana wako. Mwenye kibanda mwambie kwa heshima kwamba picha fulani isubiri usiku, watoto wakishalala. Na kijana wako akishafikia umri unaofaa, mtazame pamoja, mcheke panapochekesha, kisha mzungumze juu ya mtu yule aliyeogopa kumwonyesha mpenzi wake uso ulioharibika. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Reynolds na wenzake waligaagaa upwani kwa miaka mingi, na kitoweo walichokipata kilikuwa kikubwa kuliko walivyotarajia wenye nyavu. Tuwape heshima yao kwa kazi hiyo. Lakini mtani tumweke mahali pake. Wafiwa wanamhitaji, na watu wazima wanamwelewa. Mtoto wa miaka minane tumwache kwanza na yule steringi wetu wa zamani, mwenye suruali iliyochanika magotini.